Soksi ya Pili Haisafiri

Jumatatu, 2 Desemba
Theluji imefika kizingitini. Na Nazan kapiga simu kutoka Istanbuli! Mjukuu wangu huyo, niliyemlea hapa hapa milimani Hemshin, aliyenifundisha herufi hizi kwa kijiti cha mkaa, maana mimi shule nimeiona kwa nje tu. Tangu kiangazi hajakanyaga kwangu. Eti anakwenda kupanda milima ya theluji na wenzake wa kazini, achague soksi gani? Nikamwambia sufu, mwanangu, pamba ikilowa ni maiti mguuni. Ya mlimani iwe nene, ipande hadi chini ya goti, ila vidole vicheze. Kidole kisichocheza huganda. Ya nyumbani iwe laini na pana, ya kunyooshea miguu mbele ya jiko. Nikaongeza: jiko hili la kwangu. Akacheka tu. Nimeunguza muhlama, unga na jibini vyote mkaa. Potelea mbali.

Jumanne, 3 Desemba
Akili imenijia nikikama ng'ombe. Nimempigia: soksi namfumia mimi, ila bila kuupima mguu sifumi. Lazima aje. Ushindi!
Adhuhuri jirani yangu Saniye kaja mbio na simu yake. Nazan kauchora mguu wake kwenye karatasi, kapiga picha, kaituma. Saniye kicheko hadi machozi: "Makbule wee, mguu umefika, mwenyewe yuko wapi?" Mwanawe huja kila Ijumaa, ndiyo maringo hayo.
Mguu umekonda. Hali chakula huyo mtoto.

Jumanne, 10 Desemba
Soksi tayari. Nyeusi, maua mekundu kwenye kifundo. Nimemkabidhi dereva wa basi la Istanbuli kifurushi: jibini, siagi na soksi. Moja! Ya pili nimeitundika msumarini juu ya jiko. Akitaka jozi, aifuate. Ibilisi mwenyewe angenipa mkono.

Ijumaa, 13 Desemba
Nazan kapiga. Bibi, umesahau moja! Nikamjibu sikusahau, ile ya pili haisafiri, hutapika kwenye basi. Akacheka. Kazi nyingi, Bibi, akasema. Nikamuuliza huko kunanyesha? Kunanyesha. Tukaizungumza mvua mpaka simu ikakatika.

Jumamosi, 14 Desemba
Balaa! Nimetoka zizini, msumari mtupu! Saniye aliingia, kaona soksi pweke, kaionea huruma, kaikimbiza kwa dereva. "Uzee huo, shoga! Ulisahau nusu, nimekuokoa." Kuniokoa! Nimemwambia asinikanyagie hapa mpaka barafu iyeyuke. Kisha nikamwita arudi, chai ilikuwa nyingi.
Basi ndiyo imekwisha. Sasa ana jozi, miguu yake ina moto. Aje kufuata nini? Nimeutazama ule msumari mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 21 Desemba
Buti mlangoni! Kubwa, za mlimani, zinachuruzika theluji. Ndani, Nazan! Kanyoosha miguu mbele ya jiko, soksi zangu zote mbili. Nikamuuliza milima je, na wenzako? Kasema kawaambia wapande yao, yeye anapanda ya kwa bibi yake. Nimemfokea kwa kukonda, nikamlisha mpaka akaomba msamaha. Kanishika mashavu: "Bibi, ungesema tu 'nimekukumbuka, njoo.' Hila zote hizi za nini?" Nimeapa kwa mvi zangu. Hila basi. Toba.

Jumatatu, 23 Desemba
Kaondoka na basi la alfajiri. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Naingia chumbani, nakuta soksi moja juu ya mto wangu, imekunjwa vizuri, ua jekundu limetazama juu. Msahaulifu! Kichwa cha babu yake kile kile. Saniye kasema niikimbize kwa dereva kabla basi la mchana halijatoka. Nikamwambia koma, mwanamke, na mikono yako ya huruma.
Nimeitundika msumarini.
Kisha nimeketi, nimeanza kumfumia glavu. Ya mkono mmoja.