Mashine ya Nyama Isiyotaka Kuharibika

Rosettenville,
Johannesburg.
Jumatatu, wiki ya Siku ya Urithi.

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Mashine za Kusagia Nyama,
Ujerumani.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YENU KUTOHARIBIKA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Umri wako siujui, lakini mwenye kiwanda hawezi kuwa mdogo wangu.

Jina la kiwanda chako limefutika kwenye chuma kwa kushikwashikwa. Limebaki neno la nchi peke yake, basi nimeiandikia nchi. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nimesoma kwamba mlipoitawala Tanganyika mlitoa amri zenu kwa lugha hii. Bila shaka mmebaki na mtu anayeweza kuisoma, hata kama siku hizi hana wa kumwamrisha.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la nane. Nimezaliwa hapa Johannesburg, na wazazi wangu ni watu wa Tanga. Mama yangu, Bi Mwanaasha, anauza sambusa. Alipokuwa anaondoka Tanga bibi alimpa mashine yenu ya kusagia nyama, ile ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, inayofungwa ukingoni mwa meza. Bibi naye aliipata ilipofungwa nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Uzito wake ni kama wa mtoto mchanga mwenye afya njema. Tangu bibi hadi leo haijaharibika hata siku moja, na hilo ndilo ninalolilalamikia. Nayapanga malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Mmempokonya mama yangu udhuru wake.

Inawezekana kwenu mtu akiombwa kitu husema "sitaki" na maisha yakaendelea. Sisi hatuna neno hilo. Jirani akija kuazima kitu, kuna jibu moja tu la heshima la kumnyima, nalo ni kwamba kitu kimeharibika. Anayesema anajua si kweli, anayeambiwa anajua si kweli, wote wawili wanasikitika kidogo, kisha wanaulizana habari za watoto. Tumelitumia jibu hilo kwa blenda, kwa pasi, hata kwa ngazi. Ngazi, Mheshimiwa! Na watu walikubali.

Mwezi uliopita Bi Zubeda wa Kensington alipiga simu kuomba mashine yenu. Mama akavuta pumzi, akasema imeharibika. Kicheko cha Bi Zubeda nilikisikia mimi niliyekuwa jikoni: "Weee Mwanaasha, mche Mungu! Cha Mjerumani kiharibike?" Kikaja kicheko kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Mama, ambaye hakosi sala, akabaki ameshika simu kama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi. Jioni ile ile mashine ikaenda Kensington. Aliyeibeba ni mimi, kwenye begi la shule, kwa sababu eti mabega yangu bado machanga.

2. Mmewaondolea watu woga.

Kitu kinachovunjika huogopwa, na kinachoogopwa huoshwa na kurudishwa. Chenu hakiogopwi. Bi Zubeda alipomaliza hakuirudisha. Alimwazima Mama Vestine, Mrundi wa Observatory, bila kutuuliza. Mama Vestine ni mtu mwema, na tunampenda, lakini aliwahi kusagia majani ya muhogo humo akairudisha hivyo hivyo. Sambusa zetu za wiki ile zilitoka za kijani. Mteja mmoja alimuuliza mama kama ni za mboga, mama akasema ndiyo, na huo ukawa uongo wa pili unaotokana na kiwanda chako.

Tulijaribu kujiokoa. Tulinunua mashine nyingine kwenye duka la barabara kuu, inayong'aa kama kijiko cha harusi. Ilimaliza kitunguu cha kwanza. Cha pili kikaupinda mkono wake, na tangu hapo imekaa juu ya kabati kama paka kilema. Hakuna aliyewahi kuja kuiazima. Sasa fikiri vizuri, Mheshimiwa, wewe ni mtu wa viwanda: kati ya mashine mbili, iliyo bora ni ipi, ile inayosaga kwa watu au ile iliyopo nyumbani?

3. Mmemharibu baba mdogo Nassir.

Baba mdogo ana gari lenu. Limesimama uani juu ya matofali tangu nikiwa chekechea. Ukimwambia limekufa anageuka mbogo. "Nani kasema limekufa? Gari la Mjerumani halifi! Limepumzika." Hulipiga maji kila Ijumaa, kisha huenda kazini kwa miguu huku akiisifu injini. Majirani wenye magari ya kawaida humpita wakimpigia honi, naye huwasikitikia.

Babu wa babu yake alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na askari wenu kwa sababu alichelewa shambani. Kwetu hadithi hii husimuliwa kwa uchungu. Wanawake hutikisa vichwa, kisha baba mdogo anamalizia: "Lakini semeni ukweli, kiboko hakikukatika." Nauliza kwa adabu zote: mmewafanya nini watu hawa hata wausifie uimara wa kiboko, hali mgongo uliochapwa ni wa kwao?

4. Alama yenu.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwalimu wetu wa masomo ya uchumi, Mwalimu Denise, alitueleza kwamba zamani bidhaa zenu nyingi zilidharauliwa, zikaitwa za hovyo na za kuiga. Waingereza wakatunga sheria kwamba vitu vya kigeni viandikwe nchi vilikotoka, ili mnunuzi aone jina lenu na akimbie. Kumbe neno lile mnalojivunia liliwekwa liwe aibu! Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nafikiri.

Kwa nini hamkubaki wabovu kama mlivyotakiwa? Watu wengine tukipigwa alama tunainamisha vichwa. Ninyi mkaenda kukaza skrubu. Mkaendelea kukaza mpaka mtu akasoma lile neno la aibu akatoa pesa haraka zaidi. Huko ni kukosa unyenyekevu.

Habari za alama nazifahamu. Mimi nimezaliwa hospitali ya hapa hapa, naongea Kizulu cha uwanjani kama wenzangu, lakini mwaka haupiti bila mtu kuniuliza ninarudi kwetu lini. Mwaka jana katika Siku ya Urithi kila mwanafunzi alileta chakula cha kwao. Niliahidi sambusa. Mashine ilikuwa imeazimwa, kwa hiyo nilipita spaza, kiduka cha mtaani, nikanunua chipsi za pakiti. Niliziweka mezani kati ya chungu cha samp (mahindi ya kupondwa) na maharage na sinia la koeksister, maandazi ya kusuka yaliyochovywa shira. Msichana mmoja, Refilwe, aliichukua pakiti, akaigeuza, akasoma nyuma. "Eish, Mayasa," alisema, "kumbe kwenu ni ndani ya pakiti!" Tangu siku ile naitwa Pakiti.

Ijumaa hii ni Siku ya Urithi tena shuleni. Nimejiandikisha sambusa tena, mbele ya Refilwe, kwa sauti. Na mashine iko Observatory, kama haijavuka kwenda kwa mtu mwingine. Usiniambie ninunue nyama iliyosagwa buchani. Mama anasema ina maji, na sambusa yenye maji hupasuka kwenye mafuta na kumwaibisha mpishi wake.

Kwa sababu hizo, ninaomba mambo yafuatayo:

(a) Mashine mtakazotengeneza kuanzia sasa ziwe na kasoro moja ya uhakika. Jino moja bovu litatosha.

(b) Kwa kuwa ombi la kwanza haliwezi kufika kwenye mashine yetu, tutumieni Cheti cha Kuharibika, kikieleza kwamba ninyi wenyewe mmeichunguza na imekufa. Kiwe na muhuri. Mama akisema imeharibika watu wanacheka, lakini Mjerumani akisema imeharibika, Bi Zubeda mwenyewe ataleta ubani.

(c) Cha gari la baba mdogo kitengenezwe pembeni, kiandikwe kwa upole.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kiwandani, hasa aliyeuchonga mkono wa kuzungushia, maana nadhani hakulala vizuri mpaka ulipokaa sawa. Wasalimie wake zao na waume zao. Mama anakusalimu bila kujua kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mwenye begi zito,
Mayasa Mwadini.

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kwa kukosa stempu, na sasa naomba uisome kuanzia mwisho, kisha usiendelee.

Alhamisi nilipotoka shule niliikuta mashine mezani. Mama Vestine aliileta mwenyewe, ameifunga kwenye kitenge, imesuguliwa mpaka ndani ya koo. Bi Zubeda alikuja nyuma yake na manda za kutosha ukoo. Walikuwa wamesikia habari za Pakiti, sijui kwa nani. Hawakuniambia pole. Bi Zubeda alisema tu, "Zungusha wewe, sisi tukunje," na jikoni hapakuwa na nafasi ya kupita.

Leo Ijumaa, shuleni, niliweka sinia la sambusa mezani na mbele yake kadi niliyoiandika kwa wino mzito: IMETENGENEZWA ROSETTENVILLE. Nilitaka wajue zilikotoka, ili mwenye kukwepa akwepe. Refilwe alikuja, akaisoma kadi, akala. Akarudi, akala. Mara ya tatu aliuliza nyama inasagwaje hata inakuwa laini hivyo, kisha akaangalia viatu vyake na kuniuliza kama gogo wake, yaani bibi yake, anaweza kuiazima mashine.

Nilifungua kinywa kusema imeharibika. Cheti kilikuwa hakijafika. Nikamwambia aje Jumamosi, na aje na begi imara.

"Hatutaiharibu?" akauliza.

Mheshimiwa, nilicheka kicheko kile kile cha Bi Zubeda.