Bega la Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Novemba
Aibu! Mvua ya huku Nchiru imemlowesha mama mkwe ndani ya gari langu. Bega lote la kushoto, pamoja na kitambaa chake cha kanisani. Raba za kioo cha mlango wa nyuma zimekauka na kupasuka. Maji yanaingia kama yamealikwa.

Mama Marcella hasemi nami moja kwa moja. Ndiyo heshima ya ukwe. Humwambia mke wangu Kajuju, nami nimekaa hapo hapo nasikia. Leo amemwambia kwamba Jumamosi, tukipeleka mahari ya shemeji yangu kwao mchumba wake, kule Kiritiri, akidondokewa hata tone moja atahamia gari la Kathuri. Moja kwa moja! Kathuri, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada ya Kajuju. Gari jipya, na kicheko cha puani. Miaka tisa nimekuwa dereva wa mama. Sina cheo kingine katika ukoo ule.

Jumanne, 11 Novemba
Nimepita kwa Runji, fundi wa hapa Meru mjini. Amesema ninunue raba mbili: ile ya nje inayopangusa kioo, na ile ya mfereji ambamo kioo hupanda na kushuka. Akanionya nisitie gundi. Nimemshukuru, nikaenda zangu. Raba ni raba! Nimetoa tyubu ya gurudumu la nyuma la baiskeli, nikaikata vipande, nikavigandisha mferejini kwa gundi. Kioo nimekiacha nusu wazi ili gundi ipate hewa. Akili hizi sijui nimerithi kwa nani.

Jumatano, 12 Novemba
Kioo kimekwama. Hakipandi, hakishuki. Mvua tangu alfajiri. Kiti kile sasa unaweza kupanda nduma. Nimejaribu mafuta ya kupikia. Mbwa wa jirani ameramba mlango hadi mchana. Kathuri alipita. Akacheka, puani.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimekubali yaishe. Runji ameuliza ni nani aliyefanya kazi hii. Nikasema ni fundi mmoja wa Embu. Kubandua gundi kumechukua asubuhi nzima. Kuweka raba mpya, nusu saa: maji ya sabuni, kisha kusukuma kwa kiganja. Hata mimi ningeweza. Tumemwagia ndoo tano. Pakavu! Nimekalia kiti kile, karibu nilie kwa furaha.

Jumamosi, 15 Novemba
Kiritiri ni vumbi na jua, na mbuzi wetu wamepokelewa vizuri. Wakati wa kurudi, mvua ikatushika Embu, ya kutisha. Roho mkononi hadi Nchiru, nikisubiri sauti kutoka nyuma. Mama akashuka, akajipapasa bega. Kajuju alikuwa amesimama kati yetu tayari kupokea ujumbe. Mama akampita.

“Mwongera,” akaniambia, “sijalowa.”

Maneno mawili, baada ya miaka tisa. Mzigo wote ukanishuka. Na Kathuri alikuwa pale pale akisikia!

Jumapili, 16 Novemba
Baada ya ibada mama amenisemesha tena. Eti gari la mchungaji linavuja milango yote minne, naye amemwahidi kwamba mkwe wake anaijua kazi hiyo. Kajuju akanikazia macho. Nilitaka kumtaja Runji, kweli kabisa. Mdomo ukasema kesho asubuhi.

Runji ana maneno mengi. Gundi imebaki nusu kopo, na baiskeli bado ina gurudumu la mbele.