Chenga Kwenye Udongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Shimo jipya la taka litatandikwa udongo wa mfinyanzi, sumu isizame ardhini. Mkuu wa maabara katangaza: mwenye udongo utakaonasa zaidi madini ya risasi ya betri chakavu ndiye msimamizi wa kazi. Ni mimi! Wangu nimeuchanganya na unga wa zeolaiti, jiwe lenye vitundu vya kunasa metali. Mwenzangu Miwani kachanganya wake na kitu hataki kukitaja. Mchoyo! Kisima cha mama mkwe kiko bondeni, chini kidogo ya shimo. Kanikumbusha mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia ndoo ya Miwani. Udongo laini kama siagi. Wangu una chenga. Roho ikaniuma. Wenzangu walipokwenda kula nikabadilisha vibandiko: jina langu kwake, lake kwangu. Fundi bomba akaingia ghafla! Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Akaniangalia weee, akatoka. Akili ni nywele.

Alhamisi, 13 Machi
Maji yenye risasi yamepitishwa. Ndoo yenye jina la Miwani imenasa karibu yote. Yenye jina langu imevuja kama chujio la chai. Kumbe chenga zangu ndizo dawa! Nimejipalia makaa. Miwani kapewa usimamizi, kaambiwa aandike mchanganyiko wake. Kaandika wake kweli: majivu ya jikoni. Malori yanaanza kutandika kesho asubuhi. Majivu! Juu ya kisima cha mama mkwe!

Ijumaa, 14 Machi
Nilitaka kumpelekea mkuu barua isiyo na jina. Mke wangu akaniuliza kama mama yake atakunywa barua. Nikaenda mwenyewe. Malori mawili yalikuwa yameshawasha injini. Nikasema yote. Mkuu akasimamisha malori, akaamuru tupime upya.

Jumatatu, 31 Machi
Udongo wangu umeshinda, unatandikwa. Kisima salama. Lakini msimamizi ni Miwani; mkuu kasema yeye angalau hagusi ndoo za watu. Mimi naosha ndoo miezi mitatu. Aibu! Sasa kuna shindano jipya, la kunasa zebaki. Udongo wa Miwani safari hii mweupe, mzuri, unateleza. Vibandiko nimekoma, sigusi tena maishani. Ila mwosha ndoo hupewa ufunguo wa stoo ya ndoo. Nitabadilisha udongo wenyewe.