Bikira Maria Shimoni kwa Fergal

Jumanne, 27 Julai
Jaji kasema tulifukie shimo! Lote! Pawe malisho tena, kama kabla Fergal wangu hajagusa jiwe. Siku ishirini, la sivyo jela. Jela! Mwanangu, mkono bora wa tingatinga kaunti nzima, anayeokota yai kwa kijiko cha mtambo lisipasuke! Kosa lake? Kuchimba mawe bila kibali. Kwenye kilima cha babu yake mwenyewe! Aliyetushtaki ni Attracta wa jirani, najua. Dirisha lake la juu linatazama machimbo, na kamera anayo. Nje ya mahakama akanipa pole. Nikamwambia pole hiyo akampe paka wake.

Ijumaa, 30 Julai
Nimepata! Nani katika Ireland hii atathubutu kumfukia Bikira Maria? Masista wanafunga nyumba yao, wamenipa sanamu. Pua imemeguka kidogo, rangi itaficha. Fergal kaishusha shimoni kwa tingatinga, taratibu, kama amebeba kichanga. Machozi yalinitoka. Akauliza, Mama, una hakika? Nikamwambia anyamaze, apande maua.

Jumatano, 4 Agosti
Wanawake kumi na mmoja wamekuja kusali rozari! Attracta naye! Kapiga magoti kwenye kokoto, eti Bikira kamtazama. Nikasema lazima amtazame, anawajua wambea wake.

Ijumaa, 6 Agosti
Mkaguzi wa halmashauri kaja, bwana Prendergast. Kavua kofia ngumu, kafanya ishara ya msalaba. Nikamkonyeza Fergal: yamekwisha! Mara katoa futi kamba, kampima Bikira Maria. Kumpima! Utosini hadi vidoleni! Akasema sanamu nayo haina kibali, wala ngazi alizochonga Fergal za kumshukia. Sasa makosa mawili! Nikakaa kwenye jiwe. Na chai yangu kanywa, vikombe viwili, na mkate wa magadi. Atarudi tarehe kumi na sita, anataka kuona udongo umejaa. Fergal hakula. Kafunga begi la nguo za jela, kaliweka mlangoni. Kila nikipita nalikwaa.

Jumatano, 11 Agosti
Basi, nimetii. Mtu mwenye akili hutii. Siku tano Fergal kafukia, pamekuwa laini kama siagi. Attracta kaleta mikate ya nyama! Begi nimelifungua mwenyewe, soksi nimezirudisha kabatini.

Udongo? Tumeutoa nyuma ya kilima, dirisha la Attracta halifiki. Na chini yake, Mungu mkubwa, jiwe jeupe kuliko lile la kwanza! Fergal kalichonga kidogo tu, kwa ajili ya ngazi. Bikira tumemhamishia shimo hilo jipya, limemkaa kama alishonewa. Fergal akauliza, na kibali, Mama? Nikamwambia asiniharibie siku.

Padri atakuja kubariki huko nyuma ya kilima. Nimealika parokia nzima. Na bwana Prendergast nimemwandikia barua, asingoje tarehe yake, aje na futi kamba ajionee tulivyo watiifu: Jumapili, tarehe 15 Agosti, baada ya misa.