Ujumbe Kutoka Lori la Muturi

Jumatatu, 7 Mei 2007

Habari kubwa! Pradeep, mwenye malori, amenunua lori jipya. Jeupe, viti bado vina nailoni. Litakuwa la dereva atakayefika wa kwanza yadini Nakuru siku nyingi zaidi, leo mpaka Jumamosi. Tunaobeba viazi kutoka Kuresoi ni watatu: mimi, Rahab, na mzee Nicodemus, aliyeokoka, ambaye huendesha kama anasindikiza jeneza. Lori langu linavuja upande wa dereva. Kila mvua narudi nyumbani suruali imelowa nyuma na mke wangu Wangeci anacheka. Lile jipya lazima liwe langu.

Huko juu simu hazishiki, kwa hiyo kila lori lina redio kol. Anachosema mmoja, wote husikia. Nikiwa Molo nikatangaza: mti umeanguka Sachangwan, barabara imefungwa. Wenzangu wakazunguka Elburgon. Mimi nikapita Sachangwan nikipiga mluzi. Wa kwanza!

Rahab aliuliza nimeurukaje huo mti. Nikasema umetolewa. Akauliza na nani. Maswali mengi, huyu.

Jumanne, 8 Mei

Leo nimelaza trela Sachangwan. Kwa mdomo tu. Wa kwanza tena!

Lakini Rahab alisimama Elburgon kunywa chai, akakutana na mtu aliyepita Sachangwan saa ileile. Hakuona trela. Akamwambia Jasleen, binti ya Pradeep, anayekaa kwenye redio ya yadini. Jasleen haongei sana, anaandika tu kwenye kitabu chake. Ametoa sheria: habari ya barabara haifuatwi mpaka lori la pili lithibitishe.

Sawa. Yanatakiwa malori mawili. Nitakuwa mawili.

Jumatano, 9 Mei

Nilitangaza maporomoko. Kisha nikabana pua, nikaanza jinsi Nicodemus huanza kila kitu: Bwana asifiwe, ni kweli, hata mimi nayaona. Kazi safi!

Halafu Jasleen akauliza, kwa adabu, huyo ni Nicodemus gani, maana wake yuko mbele yake yadini, anaumwa na jino. Nikasema redio siku hizi zinaingiliana. Rahab alicheka hewani mpaka nikazima. Amefika wa kwanza. Nimeumia.

Alhamisi, 10 Mei

Nilisema niko Sachangwan, ukungu mzito, mtu asithubutu. Kumbe nilikuwa naona mabati ya Nakuru. Jasleen akasema sauti kutoka Sachangwan humfikia ikikwaruza kama bhajia kwenye mafuta, lakini mimi nasikika kama nimekaa mezani pake. Kitabu chake kina kila mahali na mkwaruzo wake! Nani hufanya kazi hivyo?

Rahab hata hakuzunguka. Alinipita getini, akapunga mkono.

Ijumaa, 11 Mei

Mimi na Rahab tulikaa tukiviziana, Nicodemus akatupita wote kwa mwendo wake wa mazishi. Mimi mara mbili, Rahab mara mbili. Kesho fainali.

Nimefikiri sana. Nicodemus anaaminiwa kwa sababu hadanganyi. Basi asidanganye. Adanganywe. Nikamkuta kwenye kibanda cha chai, nikamweleza kwa huzuni kwamba njia ya msituni ya Kuresoi, ile ya mkato, imekatika kwa mvua, nimeona kwa macho yangu. Chozi lilinitoka. Mzee akaniombea hapohapo. Nilisikia vibaya kidogo, lakini kidogo.

Jumamosi, 12 Mei

Nikatangaza. Nicodemus akathibitisha, Bwana asifiwe. Hata Rahab akazunguka! Nikaingia njia ya msituni peke yangu, nikiimba.

Kilomita nne. Matope mpaka kwenye ekseli. Nikaita: nimekwama, njooni! Jasleen akasema pole, lakini sheria ni sheria, lori la pili lithibitishe. Nikafoka kwamba huku hakuna lori la pili. Akasema anajua. Mimi mwenyewe nilisema njia imekatika, na leo kila mtu ameniamini.

Mzee Kimaiyo, mwenye shamba la karibu, alinivuta kwa ng'ombe wake jioni. Hao ng'ombe walinitazama vibaya. Rahab alikuwa amefika yadini tangu saa sita.

Jumatatu, 14 Mei

Rahab ameondoka na lori langu jeupe. Nicodemus hanisalimii. Pradeep ameninyang'anya redio. Nje mvua, suruali imelowa.

Si kitu. Nimenunua laini mpya ya simu, namba ambayo hakuna anayeijua. Saa nne nikamtumia Rahab ujumbe: Bwana asifiwe, daraja la Njoro limebomoka, rudi haraka.

Akajibu palepale: Asante Muturi. Nimesimama juu yake, nakula ndizi.

Laini mpya kabisa! Lakini kosa nimeliona. Nilichagua daraja la karibu mno. Kesho nitabomoa la mbali.