Adui, Kimbia!

Leo haya imeniua. Nawaambia miye mwenyewe, mbele watu wa mtaa wa Rwambuzi hawajawaletea habari yao ya kuongezwa chumvi.

Niko mwaka wa sita wa sekondari, masomo ya Leta (shule ya serikali), hapa Bunia. Juu ya vile shule ni ya wote, wakristo na waislamu, prefe, mukubwa wa shule, alituruhusu kuomba ndani ya darasa saa ya rekreasyo, wakati wa mapumuziko, lakini na sauti ya chini: "Nikisikia makelele mara moja tu, maombi imekwisha." Na miye maombi ile naihitaji. Tulikimbia vita kule Djugu, miye na mama, na mpaka leo upepo ukipiga mulango, roho inaniruka. Ndani ya maombi ndiyo napumua kidogo.

Leo zamu ya kuongoza ilikuwa yangu. Nilianza vizuri, naapa! Kisha Roho akanishika (ao kiburi, Mungu anajua). Macho nimefunga, sauti ikapanda: "Adui! Adui, kimbia! Kimbia!" Adui yenyewe ni Shetani, watu wa maombi wanajua. Wenzangu nao: "Kimbia! Kimbia!"

Lakini nyuma ya ukuta iko watoto wa mwaka wa kwanza, wamebaki ndani kumaliza hesabu. Wao walisikia tu maneno mbili.

Mara nasikia miguu. Miguu mingi! Meza zinaanguka. Mutu analia inje: "Wamefika!"

Mama yangu! Sikuuliza ni nani. Biblia huku, kiatu kule, nikaruka dirisha (kiongozi wa maombi, wa kwanza kabisa!). Nikapita watoto. Nikapita mwalimu wa hesabu. Nikajitupa ndani ya mutaro kando ya barabara, naita mama.

Prefe akatufikia, anahema.

"Nani ameona adui?"

Wote tukatikisa vichwa.

"Basi nani amesikia?"

Katoto kamoja kakainua kidole: "Bwana prefe, ni yaya Dorcas, dada wa mwaka wa sita. Alisema adui, alisema kimbia."

Masomo yote ikaniangalia. Miye ndani ya mutaro, kiatu kimoja, matope mpaka kwa nyusi.

"Dorcas, na weye ulikuwa unakimbia nini?"

"Bwana prefe... niliona watu wanakimbia."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Prefe naye alicheka, lakini kila mara aligeuka kuangalia barabara. Nilimuona.

"Maombi itaendelea," akasema. "Ila kuanzia kesho, munaomba ndani ya roho. Midomo imefungwa!"

Haya, municheke. Lakini pole pole, tafazali: hapa kwetu mutu akisikia makelele, hangoji kujua kama ni kicheko.