Uzinduzi wa Chumba cha Mapumziko cha Mafundi wa Sare

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kiwanda hiki, ambaye ameshindwa kufika kwa kuwa amepumzika. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ametoka sasa hivi kwenda kumwamsha. Meneja wa Uzalishaji. Kaimu Meneja anayemkaimu hata akiwepo. Ndugu yangu nyapara wa ukumbi huu wa kushonea, ninayekuona umesimama na filimbi yako shingoni. Mafundi wa kola, mafundi wa mifuko, mafundi wa zipu, akina dada wa vifungo, mabibi na mabwana. Nimeletewa kikaratasi hapa kwamba niseme tu itifaki imezingatiwa, eti muda ni mdogo. Mimi si mtu wa njia za mkato. Dereva wangu naye yupo. (Makofi ya dereva.)

Kwa wasionifahamu, na nasikitika kwamba bado mpo, mimi ndiye Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Mapumziko, Utulivu na Masuala Mtambuka, na leo nimekuja kuzindua rasmi, nyuma ya pazia hili jekundu mnaloliona, Chumba cha Mapumziko cha kisasa, chenye vitanda, feni, mito isiyochoma shingo na mlango unaofungwa kwa ndani ili nyapara asichungulie. (Vigelegele. Sauti: "Hatimaye!" Nyapara hapigi makofi.)

Ndugu mafundi, shule zinafunguliwa wiki ijayo, kila mzazi anataka sare jana, na ninyi mnashona tangu kabla jua halijachomoza mpaka macho yanaona cherehani mbili pale ilipo moja. Nimeguswa kipekee na suala la dada yetu mnayemwita Mama Kola, yule pale mbele mwenye bandeji kidoleni, ambaye nyumbani ana kichanga kinachokesha kama mlinzi, na ambaye juzi usingizi ulimwiba akashona mkono wa blauzi yake mwenyewe kwenye suruali ya mtoto wa darasa la kwanza, wakaja wenzake wakamkomboa kwa mkasi, akawashukuru, akasinzia tena, ndipo sindano ikampitia kidoleni. (Sauti za "pole".) Nyapara amemwambia akisinzia mara ya tatu, kesho asije. Dada huyu aliomba kitu kidogo tu, nusu saa ya kulaza kichwa. Ombi lake liliponifikia nililia, nikaunda kamati.

(Mama Kola: "Baba, ahsante, lakini si ufungue hilo pazia tukalale? Nusu saa yenyewe ndiyo hii ya chakula, na umeshaanza kuila.")

Haraka haraka haina baraka, dada yangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi sitakuruhusu ulalie kitanda usichojua mchakato wake. Tulianza na andiko dhana, tukaenda kwenye upembuzi yakinifu, tukashirikisha wadau, yaani mimi na dereva, kisha tukajenga fremuweki na rodimapu ya usingizi jumuishi, na hapo ndipo wataalamu wakatushauri kwamba huwezi kumpa mwananchi pumziko ambalo wewe kiongozi hujalijaribu. Kwa uchungu mkubwa, ndugu zangu, tukaenda kwenye hoteli moja yenye bwawa, tukapumzika kwa niaba yenu. (Minong'ono.) Msidhani ilikuwa kazi ndogo! Wajumbe walilala kwa zamu, na wasio na zamu walilala kwa kujitolea. Kuna mzee mmoja wa kamati alijituma mno, tukimwita kikaoni anageukia upande wa pili. Mimi mwenyewe nililala mpaka mgongo ukaniuma, nikiwawaza ninyi.

Matokeo ya paileti hiyo, yaani majaribio, yanatia moyo, kwani asilimia tisini na sita ya waliolala walisema usingizi ni mtamu, asilimia nane walihojiwa wakiwa bado usingizini na majibu yao tumeyaheshimu, na asilimia sita... (Fundi wa zipu: "Mheshimiwa, mbona imepita mia?") Hilo ndilo ongezeko la tija, kaka, na ndiyo maana wewe unashona zipu na mimi nahutubia. (Kicheko kimoja. Mwayo. Miayo mingi, ikipokezana safu kwa safu.)

Nafarijika kuona mmebaki midomo wazi kwa mshangao. Sasa tugusie nguzo kumi na saba za utulivu endelevu. Nguzo ya kwanza ni utulivu wenyewe. Nguzo ya pili ni uendelevu wa nguzo ya kwanza. Nguzo ya tatu, ambayo inajengwa juu ya mbili zilizotangulia bila kuathiri zinazofuata, ni uratibu, na uratibu huo unaratibiwa na... (Vichwa vinaanguka kimoja kimoja.) Naona mnatikisa vichwa kuniunga mkono. Ahsanteni. Yule fundi wa mifuko ameniunga mkono mpaka paji la uso limegonga meza. Mama Kola naye ameinamia rundo la mashati kwa unyenyekevu, na... dada? Dada yangu? (Mkoromo.)

Ndugu nyapara, unakwenda wapi na hiyo filimbi? (Nyapara: "Muda wa chakula umekwisha, mzee. Na huyu mama ndiyo mara yake ya tatu.") Shika adabu yako! Na shusha sauti. Hotuba ya kiongozi haikatizwi kwa filimbi, na fundi aliye mbele ya kiongozi anayehutubia yuko kazini kikamilifu, hata akikoroma, maana hayo ni maoni ya mdau. Toa hicho kidude mdomoni. Unataka waamke waniulize habari za pazia? (Nyapara: "Kwani pazia lina nini?") Linyanyue ncha. Polepole. (Nyapara ananyanyua. Anagonga ukuta kwa kidole. Anarudisha pazia.) Umeona? Basi ni siri ya ofisi.

Wananchi wapendwa, kwa sauti hii ya chini, pamoja nami: Mapumziko ni haki! (Mikoromo.) Fundi mchovu, taifa chovu! (Mikoromo, na mluzi mwembamba kutoka safu ya vifungo.) Kulala ni kujenga! (Dereva naye ameanguka.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyepaka huu ukuta vizuri hata nikasahau kwamba ni ukuta. Nawashukuru watengenezaji wa vitanda, ambao hatukuwahi kuwaagiza. Kipekee nawashukuru ninyi mafundi mlioshona pazia hili kwa saa za ziada, wiki hii hii, mkiambiwa ni la chumba chenu. Halina hata uzi mmoja uliolegea, na hilo, nakiri, limenitia aibu.

Nyapara, mama yule shingo yake imekaa upande. Msogezee shati jingine. Siyo hilo lenye pini. Hapo, ahsante. Nikinyamaza wataamka, kwa hiyo keti na wewe, maana hayo yote yalikuwa salamu. Sasa naomba niingie kwenye utangulizi.